Karibu Tena, Mama

Kazi yangu pale Masasi ilikuwa kuandika maneno ambayo watu wa aina mbalimbali wangeyakuta kwenye tovuti moja. Mkulima wa Newala akiifungua majira ya kupulizia mikorosho, anakuta habari za dawa ya salfa na ugonjwa wa ubwiriunga. Mfanyabiashara wa mjini mwenye simu ya bei mbaya anakuta habari za shinikizo la damu na kisukari. Binti aliyeolewa karibuni anakuta kliniki ya wajawazito. Wote wameingia kwa anwani ileile, na kila mmoja anadhani alichokiona yeye ndicho wanachokiona wenzake.

Kampuni yetu ilikuwa ya watu binafsi, moja kati ya nyingi zilizofika Kusini baada ya biashara kuachiwa huru. Kwanza walikuja wanunuzi wa korosho, wakafuata wauza pembejeo, halafu kampuni za simu na minara yao, mwisho tukaja sisi wa habari. Msomaji hakulipa chochote. Waliolipa ni wenye maduka ya dawa na wauza pembejeo, ambao matangazo yao tuliyaweka mbele ya macho yaliyowafaa. Ofisi ilikuwa ghorofani, juu ya duka la mabati na saruji, na dirisha langu lilitazama ile miamba mikubwa inayouzunguka mji.

Fundi wetu wa mitambo alikuwa kijana wa Dar es Salaam, mpole, asiyepandisha sauti. Siku yangu ya kwanza alinieleza kazi kwa namna niliyoielewa mara moja.

"Mgeni akibisha hodi hatumsumbui kwa maswali, dada," aliniambia. "Tunamtazama tu. Anatokea wapi, ana simu gani, ameingia saa ngapi, mara ya mwisho alisoma nini. Tunamuuliza swali moja tu: wewe ni mwanamke au mwanamume? Basi. Hapo tunajua tumkaribishe chumba gani."

Nilimwelewa kwa sababu hata nyumbani kwetu Makote, huko Newala, wageni hawakukalishwa pamoja. Mkwe alipewa kiti, mjomba alitandikiwa mkeka mpya, na muuza samaki alisimama kwenye kivuli cha paa mpaka amalize kupimia. Hakuna aliyeona hilo kuwa dharau. Ndivyo mwenyeji alivyoonyesha kwamba anamjua mgeni wake.

Mimi niliandika upande wa kilimo. Upande wa afya uliandikwa na muuguzi mstaafu aliyekaa meza ya pili, mwanamke makini, ambaye kila neno lake alilipima kama dawa ya mtoto.

Nilipopata nafuu kidogo ya maisha nilimnunulia mama simu ya kugusa, ili aone picha za wajukuu wake. Kwa jina ilikuwa simu ya mama, kwa matumizi ilikuwa ya nyumba nzima. Mama aliitumia jioni. Mama mdogo, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mumewe, aliitumia kusikiliza mawaidha. Mchana ilikuwa kwa baba. Baba alikuwa amewahi kuwa mtunza ghala wa ushirika enzi zile korosho zote zilipopita mlango mmoja, na tangu wakati huo hakuacha tabia ya kutaka kujua bei kabla ya kila mtu. Alisoma gazeti lililofungiwa vitumbua. Alipopata simu ya kumletea magazeti bila vitumbua, alifurahi kuliko mwenye simu.

Idd moja nilikwenda nyumbani. Asubuhi ya siku ya pili mama alikuwa uani akimenya muhogo, nami nikakaa karibu yake na simu yake mkononi. Nilitaka kumwonyesha ukurasa mpya wa korosho ambao nilikuwa nimeuandika mwenyewe. Nikafungua tovuti yetu. Kabla ya korosho kutokea, yakatokea maneno haya:

*Karibu tena, Mama. Mara ya mwisho ulisoma: Uvimbe kwenye titi usiouma. Je, umeshafika kituo cha afya?*

Nilijua maneno hayo yalivyofanya kazi. Hayakuwa tangazo la kila mtu. Yalitokea kwenye simu ambayo mtu ameitumia kusoma ukurasa huo zaidi ya mara moja, akarudi, akasoma tena.

"Mama," nikasema, "unaumwa?"

"Miguu tu, kama siku zote."

"Na titi je?"

Akaacha kumenya. "Titi gani na uzee huu?"

Nikampa simu. Akaisogeza mbali na macho, akasoma polepole huku midomo ikicheza, kisha akanirudishia. "Hayo ni matangazo, mwanangu. Yanakuja kila siku. Mara titi, mara nywele, mara bahati nasibu. Mimi nayafuta."

"Haya hayaji kwa kila mtu. Yanamfuata aliyesoma."

Alinitazama kama mtu aliyesingiziwa wizi mbele ya wageni. "Kwa hiyo simu inasema mimi ni mwongo?"

"Sijasema hivyo, mama."

"Inuka," akasema.

Akanipeleka chumbani, akafunga mlango, akafungua kanga. Akauchukua mkono wangu akauweka kifuani mwake. "Tafuta mwenyewe. Tafuta mpaka uridhike." Sikuwa nimeuona mwili wa mama namna hiyo tangu nilipokuwa mtoto. Nilitafuta kama yule muuguzi alivyoeleza kwenye kurasa zake, huku nikilia bila kutoa sauti. Sikukuta kitu. Mama akajifunga kanga, akanifuta machozi kwa ncha yake, akasema kwa sauti iliyolainika, "Haya, umeona. Sasa tumuulize mdogo wangu."

Mama mdogo alicheka mpaka akakaa chini. Yeye, alisema, kwenye simu anajua kupokea na kusikiliza sheikh, hayo mengine hajui hata yanapokaa. Naye alikubali kukaguliwa, huku akicheka. Hakuwa na kitu.

Tulibaki mimi na mama jikoni. Akachochea kuni ambazo hazikuhitaji kuchochewa.

"Mchana anakaa nayo baba yako," akasema.

"Baba asome mambo ya matiti?"

Tukacheka. Lakini mama aliacha kucheka kabla yangu. Akatazama mlangoni, kisha akasema, "Tangu kiangazi analala na shati. Nikimuuliza anasema baridi. Baridi gani hiyo, mwanangu, mimi najipepea?"

Kwetu mtoto wa kike hamuulizi baba yake habari za mwili. Yapo mambo yanayopita kwa mke, mengine kwa ndugu, na binti husubiri aambiwe au asiambiwe. Hivyo alikwenda mama. Nilikaa barazani, na kupitia dirishani nikasikia sauti ya baba ikipanda.

"Nani kakwambia?"

"Simu."

Kisha baba akatoka, akapita mbele yangu bila kunitazama, akashika njia ya shambani. Shati lake lilikuwa limefungwa vifungo vyote hadi shingoni.

Hakurudi kula. Aliporudi ilikuwa baada ya swala ya alasiri, akaniita kwenye tangi la maji ya mvua, nyuma ya nyumba, mahali ambapo watu hawapiti ovyo. Nikamwamkia tena, akaitikia marahaba. Akawa anachota maji kwa kopo na kuyarudisha tangini, jambo ambalo angemfokea mtoto yeyote kwa kulifanya, maana huku juu kwenye uwanda maji ni adimu na hayachezewi.

"Hiyo tovuti yenu," akasema, "haina adabu."

Akachota kopo jingine, akalimwaga tangini.

"Niliingia kama nilivyo. Ikaniuliza: mwanamke au mwanamume. Nikabonyeza mwanamume. Nikaandika: uvimbe kwenye titi. Ikaniletea tezi dume. Nikasema labda nimekosea kuandika. Nikaandika upya. Ikaniletea…" Akakohoa, akatazama mikorosho. "Ikaniletea dawa za nguvu za kiume."

"Nimekuelewa, baba."

"Siku nyingine nikabonyeza mwanamke. Mzee mzima, nimekaa peke yangu kwenye korosho zangu, najiandika mwanamke. Hapo hapo ikafunguka. Picha, maelezo, kila kitu. Lakini kila mstari unaniita mama. Mama, unanyonyesha? Mama, hedhi yako ya mwisho ilikuwa lini? Nikawa naruka hayo, nachambua kama mtu anayetafuta mchele kwenye pumba. Nimesoma kurasa zote, mwanangu. Sikumkuta mwanamume hata mmoja."

Akaweka kopo chini.

"Nikajiambia, hawa ni wataalamu. Wana mitambo. Wanajua mpaka kwamba mimi niko Newala na kwamba ni msimu wa salfa. Kama watu wanaojua yote hayo hawamjui mwanamume mwenye jambo hili, basi hili si ugonjwa. Hili nimetupiwa."

Alikuwa amekwenda kwa mganga ng'ambo ya bonde. Alipewa mizizi ya kusaga na kupaka, ikamuunguza ngozi, na alipoungua alidhani dawa inafanya kazi.

"Baba," nikasema, "wanaume nao wanapata."

"Imeandikwa wapi?"

Nilijua kwamba ni kweli. Niliwahi kumsikia yule muuguzi akilitaja siku moja tukinywa chai. Lakini baba hakuniuliza kama ni kweli. Aliuliza imeandikwa wapi, na mahali pekee alipopajua yeye pa kusoma, haikuandikwa. Nilimwambia twende hospitali tukamuulize daktari. Akasema tungoje amalize kupulizia. Mama, ambaye sikujua kuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, akatokea na kusema kwamba salfa itapulizwa na watu wengine, na kwamba yeye keshafunga nguo zake na za mumewe kwenye furushi moja.

Hospitali ya misheni tuliyokwenda ilikuwa na siku maalumu ya matiti. Mabenchi yalijaa wanawake, wengine na watoto mgongoni. Baba alikaa mwishoni mwa benchi, kofia yake magotini. Muuguzi akapita, akamwona. "Mzee, umepotea. Wanaume ni jengo lile pale." Baba akainuka. Mama akamvuta chini. Muuguzi akarudia, kwa heshima, kwamba mzee apelekwe kule. Mama akasema kwa sauti iliyosikika benchi zima, "Hajapotea. Ana titi."

Kisha mwanamke mmoja aliyekaa karibu, ambaye alikuwa na bandeji hadi begani, akajisogeza na kupiga-piga nafasi iliyobaki. "Kaa hapa, baba," akasema. "Benchi ni la wote." Sikuwahi kumwona tena mwanamke huyo.

Daktari alikuwa kijana. Alipomfungua baba shati, niliangalia ukutani, lakini nilisikia pumzi ya mama ikikatika. Baadaye mama aliniambia: uvimbe wenyewe ulikuwa kama korosho iliyobanguliwa, na chuchu ilikuwa imezama ndani kama imevutwa na uzi.

"Mzee, mbona umechelewa hivi?" daktari akauliza.

"Sikuchelewa," baba akasema. "Nilikuwa nasoma."

Walikata kipande wakakipeleka kupimwa. Majibu yalipokuja yalisema kile tulichokuwa tumeshakijua kwenye uso wa daktari. Baba akafanyiwa upasuaji. Wakaondoa titi na tezi za kwapani, na mkono wake wa kushoto ukavimba, haukurudi tena kuwa mkono wa kupanda juu ya mkorosho. Alipewa vidonge vya kumeza kila siku. Kwenye karatasi ya maelezo iliyokuwa ndani ya boksi, akasoma kwamba dawa hiyo isitumiwe na mama mjamzito. Alimwonyesha mama mstari huo, akacheka hadi akashika kidonda. Ndiyo mara ya kwanza kumwona akicheka tangu Idd.

Kuna jambo moja la wakati ule ambalo mama alinisimulia baadaye. Baba alipokuwa akiuguza kidonda alimwambia, "Yale niliyoyasoma yote yalikuwa yako, siyo yangu. Njoo nikufundishe." Akamfundisha kujichunguza, hatua kwa hatua, kama yalivyoandikwa. Na kila mwezi alimkumbusha. Mama alisema aliona haya kama mwali, lakini alijifunza.

Niliporudi kazini niliomba kikao. Msimamizi wetu alikuwa mama mmoja wa kutoka Kaskazini, mchapakazi, aliyenisaidia mengi tangu nilipoanza. Nilimweleza yote, isipokuwa sikusema huyo mzee ni baba yangu. Nilidhani jambo lenyewe lingetosha.

Alisikiliza hadi mwisho. "Pole yake huyo mzee," akasema. "Lakini fikiria. Wanaume wangapi wanapata hii kitu? Kundi dogo namna hiyo hatuwezi kulijengea mlango wake."

"Sitaki mlango wake," nikasema. "Nataka tuondoe mlango uliopo. Mtu akiandika titi, apewe titi. Tusimuulize yeye ni nani kwanza."

Fundi akajikuna kichwa. "Dada, tukiacha kuuliza, yote yanachanganyika. Wanaume wakikuta matiti kwenye ukurasa wa mbele wataona tovuti ni ya wanawake, watafunga. Tumeshaliona hilo. Tangu tuwatenganishe, watu wanakaa muda mrefu zaidi, wanarudi."

"Wanarudi," nikasema. "Na wale wasiorudi tunawaona?"

"Wanaonekana wameondoka."

"Kwa nini wameondoka?"

"Hilo halionekani," akasema. Hakusema kwa ubishi. Alisema kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho hakuwahi kukifikiria, na nilimwona akiandika maneno mawili matatu kwenye kona ya karatasi yake.

Yule muuguzi aliniunga mkono. Alisema alishaandika tangu mwanzo mstari mmoja kuhusu wanaume, ukaondolewa kwa sababu ukurasa ulikuwa mrefu mno kwa simu ndogo. Msimamizi akasema basi, mstari urudishwe. Nikatoka kikaoni nikidhani nimeshinda kidogo.

Wiki iliyofuata niliutafuta mstari huo. *Wanaume pia wanaweza kupata saratani ya titi. Wamwone daktari mapema.* Ulikuwepo, mwishoni kabisa, kwenye ukurasa wa wanawake. Nikaingia upya, nikabonyeza mwanamume, nikaandika titi. Nikaletewa tezi dume.

Nikaenda kwa fundi. Akafungua mtambo, akaona. "Nilirudisha mstari kama nilivyoagizwa," akasema. "Sikuagizwa kugusa lango la mwanamke na mwanamume." Nikamwambia alifungue. Akasema akilifungua bila ruhusa atafukuzwa, na matangazo yote yamefungwa kwenye makundi hayo: mwenye duka la dawa amelipia wanaume, mwingine amelipia kina mama. Hapo ndipo nilipomwambia kwamba yule mzee ni baba yangu. Alishika kichwa kwa mikono miwili. Lakini lango hakulifungua, na sikumchukia kwa hilo, kwa sababu nami sikuacha kazi siku ile. Dawa za baba zilitegemea mshahara wangu.

Nikiwa nimekaa kwenye meza ile, niliendelea kuandika korosho. Kuna wakati niliacha kuandika na kutazama tu jinsi wageni walivyokuwa wakiingia: mmoja kutoka Nanyumbu, mwingine Tandahimba, wengine hapo hapo Masasi. Sikuweza kuona sura zao. Niliona wilaya, aina ya simu, jinsia waliyobonyeza. Kila nilipoona mtu amebonyeza mwanamume, akatafuta kitu, akatoka upesi, nilijiuliza kwa nini. Labda alikuwa na haraka. Labda bando lilikwisha.

Baba aliporudi kwenye nguvu kidogo alifanya jambo ambalo hakutuambia mapema. Ulikuwa mkutano wa chama cha msingi cha ushirika, wakulima wamekusanyika kwa ajili ya habari za salfa. Mwenyekiti alipouliza kama kuna mengineyo, baba akasimama. Akasema yeye ameugua saratani ya titi, titi limekatwa, na mwanamume yeyote mwenye uvimbe kifuani asingoje.

Watu walicheka. Si kwa ubaya wote. Wengine walicheka kwa kushtuka. Mmoja akauliza kama atanyonyesha wajukuu. Baba akangoja wamalize, kisha akafungua vifungo, akaonyesha kovu. Hakuna aliyecheka tena. Mama mdogo, aliyekuwepo, alituambia kwamba hata mwenyekiti alisahau kufunga mkutano.

Siku chache baadaye akaja nyumbani mwanamume mmoja wa kitongoji cha jirani. Mimi nilikuwepo. Alikuwa na umri kama wa baba, mkulima, mtu wa maneno machache. Akakaribishwa, akapewa mabibo mabivu, akakaa. Akazungumza habari za mikorosho inayonyauka, habari za barabara, habari za mwanawe anayesoma sekondari ya Chidya. Akaaga. Kesho yake akaja tena. Mikorosho, barabara, Chidya. Alipoondoka nikamwuliza baba mbona hamuulizi.

"Nimuulize nini?"

"Anachokuja nacho."

"Mwache amalize kwanza korosho," baba akasema. "Mimi nilizungumza korosho tangu kiangazi."

Lakini yule mtu hakuja tena. Baba akamtuma mama kwa mkewe, mke akasema mumewe mzima wa afya, kaenda Lisekese kwa dada yake. Jambo hilo lilimsumbua baba. Alisema huenda ilifaa amuulize siku ile ya pili. Alisema pia huenda kama angemuuliza siku ya kwanza, asingerudi hata hiyo siku ya pili. Aligeuza-geuza hivyo kwa muda mrefu.

Kikohozi kilimwanza baba msimu uliofuata wa mavuno. Kwanza tukasema ni vumbi. Daktari yule yule, ambaye sasa alimwita baba kwa jina la utani, alimpiga picha ya kifua na kutuonyesha mahali ambapo ugonjwa ulikuwa umekimbilia. Hakusema kama ni kwa sababu ya kuchelewa. Mama hakuuliza, na mimi niliuliza peke yangu, nyuma ya mlango. Akasema, "Mapema ingekuwa afadhali. Lakini afadhali kiasi gani, siwezi kukwambia." Nimebaki na jibu hilo. Sijui nilifanyie nini.

Baba alifariki nyumbani, mchana, dirisha likiwa wazi kwa sababu alitaka hewa. Tulimzika siku hiyo hiyo. Baada ya arobaini niliacha kazi. Msimamizi alinikumbatia, akasema kama ningemwambia mapema kwamba ni baba yangu angefanya juu chini. Niliwaza tu kwamba wale wanaume wengine hawakuwa na binti aliyekaa kwenye ofisi ile. Fundi alinisindikiza hadi chini, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ameomba lango lifunguliwe, na ombi liko mezani. Nilisikia baadaye kwamba kampuni ilihamia mji mwingine na ombi likiwa bado mezani.

Nikarudi Newala, nikapata kazi ya kufundisha. Siku moja, sokoni, nikamwona yule mwanamume aliyekuwa akija kuzungumza korosho. Alikuwa amevaa koti na jua lilikuwa kali. Nikamwamkia, akaniitikia, akanipa pole ya baba, akaanza habari za barabara. Watu walikuwa wakipita kati yetu na vikapu.

Nami, mtoto wa kike, mbele ya mtu wa rika la baba yangu, nikamkatiza.

"Baba," nikasema, "kifua kikoje?"

Nilidhani atanifokea, na angekuwa na haki. Akatazama kulia na kushoto, kisha akazitazama nyanya zilizopangwa mbele yetu kana kwamba anataka kununua.

"Kinatoa maji," akasema.

"Jumatatu nakwenda hospitali," nikasema. Sikuwa na safari yoyote. "Nitakuwa stendi asubuhi. Njoo na mama."

Hakusema ndiyo wala hapana. Jumatatu niliwahi stendi, nikakaa kwenye benchi la mkata tiketi. Gari la kwanza likaondoka bila yao. La pili lilipokuwa linajaza abiria nikawaona wakija taratibu kando ya barabara, mke mbele na furushi kichwani, mume nyuma, ndani ya lile koti lake. Nikainuka kwenda kuwapokea mzigo.